Kimea cha Wajerumani, Kimea cha Kwetu

Huku Ujerumani mtu akiamua kuachana na kahawa, duka halimwachi mikono mitupu. Atakuta Malzkaffee, yaani kimea cha shayiri kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi. Atakuta kopo la Caro, unga wa shayiri, chikori na rai unaokorogwa kwa maji ya moto, na akiingia kwenye duka la vyakula vya asili ataongezewa kahawa ya lupini na ya ngano ya kizamani waiitayo Dinkel. Vyote vina weusi na uchungu wa kahawa, na vinanywewa kwenye kikombe kilekile, saa ileile, pamoja na mkate uleule. Kwetu Afrika Mashariki hakuna rafu ya namna hiyo. Anayetaka kinywaji cha asubuhi kisicho na kafeini anabandika sufuria ya uji, na hakuna anayemwuliza ameacha nini. Nadhani tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtu anayehamia kwenye shayiri akitafuta nguvu huishia kulalamika kwamba nguvu yenyewe haioni. Ametafuta kitu kinachofanana na kahawa, wakati mwili wake ulikuwa unadai kitu kingine kabisa.

Ukifuatilia historia ya kahawa hizi za bandia, mwanzoni huoni afya, unaona mfuko. Mfalme Frederick wa Prussia alikerwa na fedha zilizotoka nje kununua kahawa. Mwaka 1777 aliwahimiza raia warudie bia, na mwaka 1781 serikali yake ikajitwalia haki ya kukaanga, kisha ikaajiri askari wastaafu wapite mitaani wakinusa nani anakaanga kwa siri. Napoleon alipozuia biashara ya Uingereza na bara la Ulaya mwaka 1806, kahawa ikaadimika na chikori ikashamiri. Afya iliingia baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, pale padri Sebastian Kneipp, aliyesifika kwa tiba ya maji, alipokipigia debe kimea, na kampuni ya Kathreiner ikakiuza kikiwa na jina lake. Hata hivyo dhiki haikwenda mbali. Jalidi iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa, na mwaka 1977 Ujerumani Mashariki ikawauzia raia mchanganyiko wenye asilimia 51 tu ya kahawa, sehemu iliyobaki ikiwa nafaka, njegere na vijazio vingine. Watu waliukejeli, wakalalamika kwa barua, mpaka ukaondolewa madukani. Katika miaka yote hiyo, swali lilikuwa jinsi ya kuupata ule uchungu na ile harufu bila kahawa yenyewe. Mtu angefanyaje kazi mpaka mchana, hilo halikuwa swali la mkaangaji.

Kafeini nayo iligunduliwa hukuhuku. Mwaka 1819 Goethe, yule mshairi, alimpa mkemia kijana Friedlieb Runge punje za kahawa azichunguze, na Runge akaitenga kafeini. Leo inajulikana vizuri inavyofanya kazi. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kutuletea uzito wa usingizi. Kafeini huenda kukaa kwenye viti vya adenosini, nayo ikakosa pa kukaa. Uchovu unabaki palepale, ila taarifa zake hazifiki. Kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni kinaingia nawe kitandani, na deni la usingizi la leo linahamia kesho. Mwaka 2010 Peter Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwapima watu 379 waliokaa saa 16 bila kafeini. Wanywaji wa kila siku waliopewa kafeini hawakuwa macho kuliko wasiokunywa, au wanaokunywa kidogo tu, waliopewa kidonge kitupu. Walirudishwa tu pale ambapo wenzao walikuwa tangu mwanzo. Basi ule ulegevu wa siku za kwanza za kuacha kahawa, pamoja na kichwa kinachouma kuanzia saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, haufai kuhesabiwa kama dosari ya shayiri. Ni kahawa inayodai chake, na ndani ya wiki moja hivi madai hayo hukoma.

Sasa tazama kimea. Mjerumani huiloweka shayiri, huiotesha, kisha huikaanga mpaka sukari na wanga wake vigeuke kuwa rangi na uchungu. Kijiko cha unga wake kwenye kikombe hakifikishi kilokalori 20. Kwetu ulezi huloweshwa na kuoteshwa vilevile, lakini huanikwa na kusagwa, haukaangwi mpaka kuwa mkaa, na hapo ndipo njia zinapoachana. Nafaka inapochipua hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga, na moto mkali huviua. Ukiviacha hai, kijiko kimoja cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito huulainisha mpaka unyweke, na mpishi anaweza kuongeza unga bila uji kugeuka ugali. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliupigania ujuzi huo kwa ajili ya watoto, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kubeba uji mwingi mwepesi. Mtu mzima anayefika kazini saa kumi na mbili asubuhi hana tumbo dogo, lakini ana dakika chache, na hesabu ni ileile: chakula kingi ndani ya kikombe kimoja. Gramu 30 za unga wa ulezi zina takriban kilokalori 100, na punje yake ni ndogo mno kukobolewa, hivyo husagwa na ganda lake. Ongeza karanga zilizosagwa au maziwa, na hapo umepata kitu kinachostahili kuitwa nguvu.

Najua nitaambiwa kwamba huu ni uji wa kumbukumbu, kwamba huko nyumbani watu hawanywi uji, wanakunywa chai. Ni kweli, na ni kweli chungu. Uji umeachiwa watoto, wagonjwa na wanawake waliojifungua, na hurudi mezani kwa heshima zake wakati wa Ramadhani, ukiwa na pilipili manga. Siku nyingine ni chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na andazi, na chai nayo ina kafeini, hata kama hakuna anayeihesabu. Tena ina hasara ambayo kwetu ni nzito kuliko Ulaya, maana upungufu wa damu umetuandama: katika jaribio moja la mwaka 1983, kikombe cha chai pamoja na mlo kilipunguza ufyonzaji wa madini ya chuma kwa asilimia 64, na kahawa kwa asilimia 39. Juu ya hayo yamekuja makopo ya vinywaji vya kusisimua, ambayo dereva wa bodaboda anayanywa juani badala ya chakula cha mchana. Kopo la mililita 250 hubeba takriban miligramu 80 za kafeini. Kwa hiyo siwasifii watu wa nyumbani kuliko wa huku. Ninachosema ni kwamba njia yetu ya zamani ilijibu swali sahihi, hata kama wenyewe tunaiacha. Na uji wa sembe iliyokobolewa uliojaa sukari haumo katika sifa hizi. Huo utakuacha unasinzia saa nne kama andazi tu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mazingira hayafanani, na hapa wanaoishi huku wana haki ya kulalamika. Dar es Salaam jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima. Berlin mwezi Desemba huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo kwamba usiku umekwisha. Kwetu tunaupata bure tukifagia uwanja au tukingoja daladala, huku mtu anaweza kutoka gizani, kufanya kazi chini ya taa na kurudi gizani. Haishangazi kwamba Wajerumani hunywa kahawa nyingi kuliko bia. Basi miongoni mwa mbadala wa kahawa ningetaja nusu saa ya kutembea nje mchana, hata mawingu yakiwepo, kabla ya kutaja mmea wowote. Tangawizi na mchaichai, ambavyo tunavisifia sana, vinapasha mwili moto na kufungua pua, wala sina ugomvi navyo. Nguvu havina, na anayeviuza kwa jina hilo anauza harufu.

Hata hivyo shayiri ya kukaanga siidharau, maana kikombe kina kazi isiyohusu kafeini. Mzee wa Zanzibar anayekunywa kahawa chungu barazani na kashata hakuja kuondoa usingizi, amekuja kwenye mazungumzo, na kwenye chumba cha mapumziko cha Mjerumani mambo ni hayohayo. Anayekaa pale na bakuli la uji atajitenga, anayekaa na Malzkaffee yumo. Wasabato, ambao dini yao inawafundisha kujiepusha na kahawa, wamelijua hili kwa muda mrefu. Marekani, mfanyabiashara C. W. Post alilazwa Battle Creek, kwenye sanatoria ya Wasabato iliyoongozwa na Dakta Kellogg, akatoka huko na mwaka 1895 akaanza kuuza Postum, kinywaji chake cha ngano. Mwaka 1903 wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani wakafika Upare, milima ambako leo hulimwa kahawa, na waumini wao wakafundishwa kutoinywa. Nyumba nyingi za Wasabato wa Afrika Mashariki huijaza nafasi hiyo kwa soya iliyokaangwa na kusagwa, hivyo mgeni anapokelewa na kikombe kama kwingineko.

Panaponikwamisha ni zamu ya usiku, ambayo Waafrika wengi huku wanaifanya katika nyumba za wazee na maghala. Mwili unaokesha unapigana na saa yake wenyewe, na uji hauwezi kuushinda usingizi wa alfajiri. Kwa mtu huyo siwezi kusema aache kahawa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazimdhuru mtu mzima mwenye afya, na kwa mjamzito ikaweka 200. Lakini utafiti uliofanyika Detroit na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu hizo 400, zikinywewa saa sita kabla ya kulala, huiba zaidi ya saa moja ya usingizi. Kwa hiyo anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi na kulala saa mbili, kahawa yake ainywe zamu inapoanza, saa nne usiku, na ya mwisho iwe mapema kabla ya saa nane. Katikati ya usiku afungue chupa ya uji, na akiruhusiwa alale dakika ishirini. Malzkaffee aiweke mpaka saa kumi alfajiri, wenzake wanapochemsha birika la mwisho.