Redio ya Usiku Kutoka Lusaka

Sisi tuliokulia Tunduma, mpakani na Zambia, miaka ya sabini tulikuwa na redio mbili ndani ya redio moja. Mchana ilikuwa ya Dar es Salaam: taarifa ya habari, salamu za wasikilizaji, Morogoro Jazz, NUTA Jazz. Jua likishazama, stesheni za mbali zilianza kujipenyeza. Lile tabaka la chini la anga linalonyonya mawimbi mchana hutoweka usiku, na hapo masafa ya kati huweza kudunda juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Kwetu iliyopenya vizuri kuliko zote ni ya Zambia, na idhaa yake ya Kiingereza ndiyo iliyoninyima usingizi.

Redio yenyewe ilikuwa ya mjomba, National yenye kava la ngozi la vitobo vitobo. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa usiku mmoja au miwili. Usiku mmoja, saa tano imeshapita, Lusaka wakampiga Jimi Hendrix. Gitaa lilipoanza kukoroma na kukwaruza, mjomba aliamka.

"Wewe, umeifanya nini redio yangu?"

Akaipiga kofi ubavuni. Akatoa betri moja moja, akazisugua vichwa kwenye shuka, akazirudisha. Gitaa likaendelea kukwaruza vile vile. Akatega sikio kwenye spika kama daktari, kisha akatoa hukumu: "Spika imepasuka." Wimbo ulipokwisha na mtangazaji akazungumza kwa sauti safi kabisa, mjomba alinitazama kana kwamba mimi na Lusaka tulikuwa tumepanga njama.

Mpasuko ule watu walikuwa wameugharamia. Wapiga gitaa wa Uingereza na Marekani walinunua kidude cha kukanyagia, fazi, kinachoikuza sauti ya gitaa kupita kiasi hadi vilele vya mawimbi vikatike na noti moja safi igeuke ngurumo. Ukiongeza mwangwi, ukageuza mkanda wa studio ucheze kinyumenyume, ukamwachia mpiga solo apotee humo dakika kumi, umeipata roki ya saikedeliki. Redio yetu nayo ilichangia lake: Lusaka ilikuwa ikipanda na kushuka, gitaa likaja mbele, likazama, likarudi. Fundi wa studio hapo ni anga lenyewe, na alikuwa fundi mzuri.

Hata hivyo Hendrix alikuwa mtu wa mbali, tena tayari marehemu. Kilichonigeuza ni usiku mtangazaji alipomaliza wimbo mwingine wenye fazi ile ile na kusema bendi hiyo ni WITCH, vijana wa Copperbelt. Copperbelt! Huko ndiko Wanyakyusa na majirani zao walikokwenda kuchimba shaba tangu enzi za ukoloni. Baba yangu mdogo alikuwa Kitwe, huko huko Copperbelt, wakati huohuo. Kwa hiyo ngurumo ile ilikuwa inatoka mahali ambapo sisi tulikuwa na ndugu, na kulikuwa na basi la kutufikisha.

Baba mdogo alipokuja likizo, amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni virefu kiasi cha kuinama mlangoni, nilimuuliza kuhusu muziki huo kabla hata sijampokea mzigo. Akasema mwimbaji wao anaitwa Jagari, kwa kumwiga Mick Jagger, na ukumbi ukijaa huwezi kupita. Kutoka kwake nilijua Musi-O-Tunya, waliochanganya ngoma za kwao na gitaa la umeme na kurekodi Nairobi, na Paul Ngozi, aliyeimba maisha ya mtaani kwa lugha za mtaani. Kwa maoni yangu Ngozi ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. WITCH walikuwa na nguvu, lakini nyimbo zao nyingi zilikuwa za Kiingereza, na mtu alihisi bado wanamsikiliza Jagger kwa sikio moja.

Enzi hiyo haikudumu. Katikati ya muongo bei ya shaba iliporomoka, na Zambia nzima ilikuwa inaishi kwa shaba. Vita vya Rhodesia vikaleta amri ya kutotoka nje usiku, bendi zikalazimika kupiga mchana. Rais Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki redioni uwe wa nyumbani. Agizo hilo liliwapa nafasi vijana hawa, lakini likaipa kalindula, muziki wa dansi wa kienyeji, nafasi zaidi. Kisha ukaja ukimwi. Wa kundi la kwanza la WITCH amebaki Jagari peke yake, na yeye alikuwa ameshaacha jukwaa, akaenda kuchimba vito.

Mnamo 2010 hivi kampuni moja ya California ilianza kuzitoa upya rekodi za bendi hizo. Jagari akarudi kuimba Ulaya na Marekani mbele ya watoto ambao hawajawahi kuanika betri, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, *Zango*. Nazisikiliza kwenye simu sasa. Besi, ambayo Tunduma ilikuwa haifiki kabisa, naisikia kwa mara ya kwanza.

Nilimpigia mtoto wa baba mdogo, bado anaishi Kitwe, nikamweleza jinsi wazungu wanavyozisaka santuri za toleo la kwanza za bendi hizo na bei wanayotoa. Alinyamaza kidogo.

"Za mzee zilikuwa sanduku zima," akasema. "Mama alilitoa na gramafoni yake, akapewa magunia mawili ya mahindi. Na siku ile tulimshangilia."