Ningejitetea, me defendería



Wengi wenu mumetuuliza: «Munapoteza wakati bure. Kihispania kitawapa nini hapa Kongo?» Ulizo hili ni la haki. Somo hili haliko katika programu yetu, na hakuna atakayetupa pointi hata moja juu yake. Tunajifunza siku ya tano jioni, kisha masomo, na kitabu kimoja cha zamani kwa watu wote. Tulianza watu 11, leo tumebaki 5. Wale waliotuacha hawakukimbia maneno mapya. Walikimbia vitenzi, zaidi vile vinavyomrudia mtendaji mwenyewe, vikitiwa katika kondisyoneli. Basi tunataka kuwaonyesha kwamba mlima ule si mrefu, na kwamba siye tunaosema Kiswahili tumekwisha kupanda nusu yake tangu utoto.

Kwanza kondisyoneli yenyewe. Chukua kitenzi kizima, kama lavar (kuosha). Usikate kitu. Ongeza ku mwisho: ía, ías, ía, íamos, íais, ían. Ni vile tu. Viishio hivi ni vile vile kwa vitenzi vyote, vya -ar, vya -er na vya -ir. Kuko vichache vinavyogeuza shina: tener inatoa tendría, hacer inatoa haría, poner inatoa pondría. Lakini hata hivi havigeuzi kiishio.

Pili, neno dogo la kumrudia mtendaji. Linasimama mbele ya kitenzi: me lavaría, te lavarías, se lavaría, nos lavaríamos, os lavaríais, se lavarían. Neno hili lina kazi kubwa, maana lavaría peke yake ni «ningeosha» na tena ni «angeosha». Ukisikia me ama se, ndipo unajua ni nani.

Sasa angalieni luga yetu. Defenderse ni kujitetea. Me defendería ni ningejitetea: ni-nge-ji-tetea. Kuko mtu, kuko sharti, kuko nafsi, kuko tendo. Vipande ni vile vile, mupango ndio tofauti. Na kwetu ni rahisi zaidi, maana -ji- haibadiliki: ningejitetea, ungejitetea, wangejitetea. Mhispania lazima achague kati ya me, te, se, nos na os.

Kuko wenzetu wanaosema eti Kiswahili hakina grameri, sababu kinashindilia vyote mu neno moja. Wasikie basi habari hii. Kondisyoneli ya Kihispania ilitoka katika Kilatini, kitenzi kizima kikifuatwa na kitenzi cha «kuwa na» cha wakati uliopita. Yalikuwa maneno mawili, kisha yakashikamana. Ndiyo sababu katika Kihispania cha zamani waliweza kutia nafsi katikati: lavar me ía. Kireno, luga ya serikali katika Angola jirani yetu, kingali na namna hii katika maandishi: lavar-me-ia. Kama hiyo ni grameri, basi ningejitetea nayo ni grameri.

Mitego iko. Wa kwanza: -ji- na se havitembei pamoja kila siku. Levantarse ni kuamka ama kusimama, sentarse ni kukaa, llamarse ni kuitwa. Mule -ji- haimo. Na irse ni kwenda zake! Me iría, ningekwenda zangu. Te irías, ungekwenda zako. Hapa Kiswahili nacho kinabadilisha neno dogo kwa kila mtu, sawa vile me na te.

Mtego wa pili ni «kama». Siye tunatia -nge- pande mbili: Kama ningeamka mapema, ningeoga. Kihispania kinakubali kondisyoneli upande mmoja tu: Si me levantara temprano, me lavaría. Kisha si wanatia namna ingine ya kitenzi. Kifransa nacho kinakataza, na walimu wetu hawachoki kutukumbusha.

Sasa tujibu lile ulizo la kwanza: kitatupa nini? Luga hii ni ya Afrika pia, maana Guinea ya Ikweta wanaitumia katika serikali na mashule tangu mbele ya uhuru wao wa mwaka 1968 mpaka leo. Lakini sababu yetu kubwa ni ingine. Mwaka 1557 watawa wawili, Casiodoro de Reina na Cipriano de Valera, walikimbia Sevilla juu ya imani yao. Reina alitafsiri Biblia nzima katika Kihispania, ikachapwa Basel mwaka 1569. Valera aliitengeneza upya, ikatoka mwaka 1602. Tunatamani kusoma kazi ya watu walioacha kwao ili wengine wasome.

Na humo vitenzi vinatufundisha zaidi ya grameri. Kutubu ni arrepentirse, na kitenzi hiki hakitembei bila neno lake la kujirudia. Mtu hawezi kukifanya kwa ajili ya mwingine. Tena mukumbuke mwana mpotevu, Luka 15. Alipokuwa kati ya nguruwe hakusema kwa -nge-. Alisema kwa -ta-, kisha akasimama kweli. Katika Biblia kadhaa za Kihispania za leo kitenzi chake ni me levantaré, siyo me levantaría. Tofauti ni sauti kidogo ku mwisho wa neno, lakini mmoja anafika kwa baba yake na mwingine anabaki na nguruwe.

Ningejifunza, ningejaribu, ningejisahihisha: ni maneno mazuri, na sasa munajua kuyasema kwa Kihispania. Lakini yanamwacha mtu pale alipokaa. Siku ya tano jioni viti 6 viko wazi. Atakayekuja, tutampokea na furaha.

Sisi watano wa Kihispania