Nani Anastahili Kupigana na Bingwa?

Mwaka huu nimewaachia wenzangu mashairi na vichekesho, mimi nikaamua kuandika juu ya ndondi. Najua wapo watakaoguna, "Ndondi na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi?" Tulia kidogo, tutaelewana. Swali langu ni hili: mwanandondi anayemtaka bingwa anastahili lini kupewa pambano hilo? Na ni nani mwenye haki ya kusema huyu anafaa, yule hafai?

Swali hili huulizwa kila siku kwa kinyozi na ndani ya matatu. Wengi hulijibu kwa mzaha kwa sababu ngumi hazitawafikia wao. Kwetu nyumbani lilikuja likiwa na tarehe na bei, na baba na mama walikosa usingizi kwa ajili yake. Kaka yangu ni bondia.

Kabla sijafika huko, wacha nieleze jinsi mambo yanavyopangwa. Mtaani kwetu, hapa Nairobi upande wa Eastlands, maji hayatoki kila siku. Yakitoka, mitungi hupangwa kwenye kioski tangu alfajiri. Mwenye mtungi anaweza kwenda kunywa chai. Mtungi unamshikia nafasi. Ndondi za kulipwa nazo zina foleni yake. Mashirika makubwa ni 4: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila moja lina bingwa wake katika kila uzani, na kila moja huchapisha orodha ya mabondia wanaomfuata bingwa. Ukimshinda aliye mbele yako unapanda, ukishindwa unashuka. Anayefika mbele kabisa huitwa mpinzani wa lazima, na bingwa akikataa kukutana naye anaweza kupokonywa mkanda.

Kwa maandishi, mambo ni safi kabisa. Lakini wewe umewahi kuona foleni ya maji isiyokatwa? Anakuja mtu na mkokoteni na pesa mkononi, anachota kabla ya mama aliyefika saa kumi za usiku. Katika ndondi mwenye mkokoteni ni jina kubwa. Jina likiuza tiketi, foleni husahaulika.

Mfano upo wa juzi tu. Francis Ngannou wa Kamerun alikuwa bingwa wa uzani mzito wa UFC, ule mchezo unaoruhusu mateke na mieleka. Katika ndondi za kulipwa hakuwa amepigana hata pambano moja. Hata hivyo, tarehe 28 Oktoba 2023, huko Riyadh, Saudi Arabia, alipewa Tyson Fury, bingwa wa WBC. Mkanda wenyewe haukuwekwa rehani usiku huo, lakini bingwa ni bingwa. Watu walicheka. Katika raundi ya 3 Ngannou akamwangusha Fury chini, na vicheko vikakoma. Mwishowe alishindwa kwa pointi, na waamuzi hawakukubaliana wote. Wengi wakasema, "Mnaona? Alistahili!" Tarehe 8 Machi 2024 akapanda tena ulingoni mjini humo kupambana na Anthony Joshua, akalazwa kwenye raundi ya 2. Wengine wakasema, "Si tuliwaambia? Hakustahili!"

Mimi naona pande zote mbili zilikosea, maana zilingoja matokeo ndipo zitoe hukumu. Kustahili ni jambo la kabla ya kengele. Mwanafunzi hujisajili kwa mtihani kwa sababu amesoma madarasa yanayotakiwa. Hatusemi baada ya matokeo kwamba aliyefeli hakustahili kukaa kwenye dawati.

Tazama Fatuma Zarika wa hapa kwetu Kenya. Mwaka 2016 alikwenda Marekani akamshinda Alicia Ashley kwa pointi, akarudi na mkanda wa WBC wa uzani wa super-bantam. Septemba 2018 alimkaribisha Yamileth Mercado wa Mexico hapa Nairobi, akamshinda. Je, tuseme Mercado hakustahili kuja? Novemba 2019 wawili hao walikutana tena, safari hii Mexico, na Mercado akauchukua mkanda. Ni binti yule yule, na bingwa yule yule. Aliposhindwa alikuwa anastahili, na aliposhinda alikuwa anastahili. Jasho la kufika pale alikuwa amekwisha kulitoa.

Wapo pia waliotoa jasho lakini mlango ukafungwa na watu wengine. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ikasusia na ya Moscow mwaka 1980. Miaka yake bora ikapita hivyo. Alipogeukia ndondi za kulipwa, mwaka 1982 alipata nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, akashindwa. Wazee wa mtaani bado humtaja, na wakimtaja hutikisa vichwa.

Sasa nirudi nyumbani. Kaka yangu hupakia na kupakua magunia sokoni mchana, na jioni hufanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa wenye mfuko mmoja wa kupiga, tena umeshonwa shonwa. Alikuwa ameshinda mapambano 9 na kushindwa 3. Siku moja promota mmoja alimpigia simu. Bondia aliyepangiwa kupigana na bingwa wa taifa alikuwa ameumia mkono, na nafasi ilikuwa wazi. Malipo yalikuwa shilingi 40,000. Pambano lilikuwa baada ya siku 8.

Msomaji mpendwa, elfu arobaini kwetu si pesa ya kuchezea. Tulikuwa na deni la kodi ya miezi miwili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana, shilingi 11,000, kwa hivyo mjadala wote niliusikia nikiwa nimekaa jikoni na vitabu vyangu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: 11,000 zikitoka, zinabaki 29,000.

Baba alikuwa upande wa kukubali. Alisema, "Mwanangu, bahati haina ratiba. Hata Douglas walimcheka!"

Mama akauliza, "Douglas ndiye nani?"

Basi baba akasimulia, na alisimulia kwa mikono na mabega. Tarehe 11 Februari 1990, mjini Tokyo, Mike Tyson alikuwa bingwa wa uzani mzito ambaye hajawahi kushindwa, mapambano 37. James "Buster" Douglas aliletwa kama mtu wa kupasha misuli moto tu. Wacheza kamari waliweka 42 kwa 1. Mama yake alikuwa amefariki wiki chache kabla ya hapo. Katika raundi ya 8 Tyson alimwangusha, akainuka. Katika raundi ya 10 Tyson ndiye aliyelala chini, akitafuta kinga ya meno kwa vidole kama mtu aliyepoteza sarafu gizani.

"Kama Douglas angekataa?" baba akauliza.

Hoja ilikuwa nzito, na sebule yote ikanyamaza. Lakini kaka ni mtu anayesoma mambo ya kazi yake. Akasema kwa heshima, "Baba, Douglas hakuokotwa barabarani. Mwaka 1987 alikuwa amekwisha kuwania mkanda wa IBF na Tony Tucker, akashindwa. Mwaka 1989 akamshinda Trevor Berbick, akamshinda Oliver McCall. Na pambano la Tokyo alilifanyia mazoezi kamili. Mimi nina kilo 61, natakiwa nifike 57. Kilo 4 kwa siku 8, baba. Nitakapomaliza kupungua, nguvu za kupigana nitazitoa wapi?"

Kocha wake, mzee mpole ambaye hupenda kunyamaza, alikuwa amekuja nasi kunywa chai. Akaongeza neno moja tu: "Wangila."

Jina hilo kila mpenda ndondi wa Kenya analijua. Robert Wangila alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, na mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya ya Olimpiki ambayo haikutoka kwenye riadha. Julai 1994, akiwa bondia wa kulipwa, alipigana Las Vegas. Refa alisimamisha pambano katika raundi ya 9, naye Wangila akalalamika kwamba bado anaweza. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo akazimia, na hakupona. Alikuwa bondia hodari mwenye nishani ya dhahabu. Ikiwa ulingo ulimchukua mtu kama huyo, sembuse kijana aliyejinyima maji kwa wiki nzima ili mizani imkubali?

Mama hakuhitaji kusikia zaidi. Alisema, "Deni la kodi nitalizungumza na mwenye nyumba. Mtoto nikimpoteza, nitazungumza na nani?"

Kaka akampigia promota simu mbele yetu sote. Nakumbuka maneno yake barabara. "Mimi sikatai bingwa. Nakataa tarehe. Nipe wiki 8, nitakuja kwa malipo hayo hayo." Promota akakata simu.

Akapatikana kijana mwingine. Refa alilisimamisha pambano kwenye raundi ya 2, na jicho la kijana yule lilivimba likafumba kwa wiki nzima. Ashukuriwe Mungu, alipona. Mimi nilikosa masomo siku 6, hadi mama alipokubaliana na shule alipe kidogo kidogo. Sitadanganya kwamba siku hizo zilikuwa rahisi. Jirani mmoja alimwita kaka mwoga mbele ya watu, na kaka akapita kimya na gunia begani. Kaka amepigana mara mbili tangu wakati huo, akashinda moja na kushindwa moja. Simu ya pili kuhusu bingwa bado haijaja.

Sasa basi, jibu langu ni lipi? Mpinzani anastahili bingwa akiwa na mambo mawili. La kwanza, awe amepitia foleni, amewashinda watu halisi wenye majina kwenye orodha. La pili, ambalo watu hulisahau, apewe muda wa kujiandaa sawa na bingwa. Mtu wa foleni akinyimwa pambano, ameibiwa. Na mtu akipewa pambano bila muda, ameuzwa. Tiketi zitauzwa kwa vyovyote, taa zitawaka, muziki utapigwa, lakini tulichokwenda kutazama si pambano.

Naye bingwa asidhani kwamba akimpa mpinzani nafasi anampa sadaka. Mkanda ni ngozi na bati. Thamani yake inatoka kwa wale walio nyuma yake wakiutamani. Wakati Tyson alipokuwa Tokyo, Evander Holyfield ndiye aliyekuwa mbele kwenye foleni, akingoja zamu yake na Tyson. Wakubwa walidhani Douglas ni kituo cha kupitia tu. Zamu ya Holyfield ilifika Oktoba 1990, lakini aliyemkuta na mkanda alikuwa Douglas, akamlaza katika raundi ya 3. Aliyengoja kwa haki aliupata. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema Douglas aliiba chochote. Naye alikuwa na mtungi wake kwenye foleni, ila watu walikuwa hawaoni.

Wenzangu wa shule za kutwa, nadhani mnaona kwa nini nimeandika haya katika jarida letu. Sisi pia huambiwa tunakwenda kwenye mashindano ya mijadala na kongamano "kupasha wengine misuli moto". Wanaokaa bweni husoma usiku kwa taa za shule. Sisi tunapika, tunachota maji, ndipo tunafungua kitabu. Wakituuliza kama tunastahili kukutana na vigogo, tusijibu kwa majigambo. Tuwaonyeshe tulioshindana nao. Halafu tudai siku za kujiandaa, maana mwaka huu barua ya mwaliko ilitufikia siku 4 kabla ya mjadala, na hilo nalo ni siku 8 za kaka yangu kwa jina jingine.

Baba siku hizi halizungumzii jambo lile. Lakini juzi nilimkuta nje ya nyumba ameshika saa yake ya mkononi, anamhesabia kaka dakika 3 za kuruka kamba, kisha dakika 1 ya kupumzika, kisha 3 tena. Nikaingia ndani kuandika makala haya.

Naweka kalamu chini. Mwenye hoja tofauti tukutane kwenye mkutano wa chama, Alhamisi saa kumi, na aje amejiandaa.