Maili 26 Kando ya Bahari ya Pasifiki

Katika nchi ya Marekani, upande wa magharibi, iko barabara moja ambayo watu husafiri kutoka mbali kwenda kuitazama. Yapita katika jimbo la California, mahali paitwapo Big Sur, ambapo milima mikubwa yashuka ghafula mpaka baharini. Upande mmoja wa barabara ni mlima, upande wa pili ni genge, na chini kabisa Bahari ya Pasifiki yapiga miamba usiku na mchana. Msomaji aliyezoea pwani ya Mombasa, yenye minazi na mchanga mweupe, asidhani kwamba pwani zote ni sawa. Maji ya Big Sur ni baridi sana, ukungu huja mara kwa mara, na upepo wake waweza kumyumbisha mtu mzima.

Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka 1937, baada ya kazi ya miaka zaidi ya kumi na mitano. Baadhi ya watu waliopasua miamba yake walikuwa wafungwa, waliopunguziwa kifungo kwa ajili ya kazi hiyo. Na tangu mwaka 1986 hufanywa huko mashindano ya mbio za marathoni, kwa kawaida katika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Aprili. Siku hiyo magari huzuiwa, na barabara huachiwa watu wanaokwenda kwa miguu yao.

Urefu wa marathoni ni maili 26 na yadi 385. Jina lake latokana na mahali paitwapo Marathon katika nchi ya Ugiriki, lakini kipimo chake kilitumika kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, kikafanywa kuwa sheria mwaka 1921. Wakimbiaji hodari humaliza safari hiyo kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Lakini wengi wanaokwenda Big Sur si hodari wa namna hiyo. Ni walimu, makarani, wauguzi na wakulima, ambao hufanya mazoezi kabla ya kwenda kazini au baada ya kurudi. Hao hawashindani na mtu yeyote. Hushindana na saa, kwa kuwa wakimbiaji wamepewa muda wa saa sita tu. Baada ya hapo barabara hufunguliwa tena, na aliyechelewa njiani huchukuliwa na basi linalofuata nyuma.

Karani mmoja wa bonde la Salinas, nchi ya mashamba ya saladi na stroberi iliyo karibu na pwani hiyo, alilijua basi hilo vizuri, maana lilikwisha kumchukua. Kazi yake ni kuandika hesabu ya masanduku katika ghala la mboga, na umri wake ulikuwa miaka arobaini na sita alipojaribu mara ya kwanza. Siku ile maili tano za kwanza zilimpendeza mno, kwa sababu njia yashuka, naye akakimbia kama kijana. Alifika katikati ya safari kwa saa mbili na robo, akajisifu moyoni. Alipofika maili ya kumi na tisa misuli ya miguu ilimkaza, akakaa chini kando ya njia, na basi likamkuta hapo. Alipanda akiwa ameinamisha kichwa. Kazini hakuna aliyemcheka, lakini yeye aliona afadhali wangalimcheka kuliko kunyamaza vile.

Mwaka uliofuata alirudi. Mabasi huwachukua wakimbiaji saa kumi ya alfajiri, na kuwapeleka kwa njia ile ile watakayoirudia kwa miguu. Gizani hakuonekana kitu ila taa za mabasi zikizunguka magenge. Walipokuwa wakingoja katika baridi, mzee mmoja mwenye mvi, aliyekwisha kuimaliza njia hiyo mara nyingi, alimwuliza ilikuwaje mwaka uliopita. Aliposikia habari yake alitikisa kichwa, akasema, "Bwana, mteremko ule ni mkopo. Ukiuchukua wote asubuhi, utaulipa mchana, na riba juu."

Maneno hayo karani aliyaelewa upesi, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yake. Mbio zilipoanza saa 12.45 asubuhi, aliwaacha watu wampite. Walikuwa wakipita kati ya miti iitwayo redwood, jamii ya miti iliyo mirefu kuliko yote duniani, na hewa ilikuwa tulivu kama ndani ya nyumba. Mamia walimpita, wengine wazee kuliko yeye. Ilimwuma, lakini hakuongeza mwendo.

Baada ya maili tano miti huisha, na bahari huonekana. Hapo ndipo upepo ulipowapokea. Upande wa kushoto, juu ya mwamba mkubwa uliotengwa na nchi kavu kwa mchanga, umesimama mnara wa taa wa Point Sur, ambao tangu mwaka 1889 umewaonyesha mabaharia hatari ya pwani ile. Ng'ombe walikuwa wakilisha malishoni, wakainua vichwa kuwatazama watu wanaokimbia bila kufukuzwa.

Karibu na maili ya kumi sauti ya ngoma ilisikika. Ni ngoma kubwa za Kijapani, ambazo hupigwa chini ya mlima ili kuwatia watu moyo, kwa maana hapo huanza kupanda kwa maili mbili mfululizo mpaka Hurricane Point, kadiri ya futi 560 juu ya bahari. Wengi waliompita msituni sasa walikuwa wakitembea, mikono viunoni. Yeye naye alitembea palipokuwa pakali, akakimbia palipolegea, na upepo ulipomsukuma nyuma alijificha nyuma ya migongo ya wengine.

Kutoka kileleni njia yashuka mpaka daraja la Bixby, lililojengwa mwaka 1932. Ni daraja la zege lenye upinde mmoja mkubwa, urefu wake futi 714, nalo lapita juu ya bonde kwa kimo cha zaidi ya futi 260. Hapo ndipo katikati ya safari. Ng'ambo ya daraja mtu mmoja aliyevaa mavazi ya karamu alikuwa ameketi mbele ya piano kubwa kando ya barabara, akipiga muziki wa taratibu. Karani alitazama saa yake: saa mbili na dakika hamsini na mbili. Alikuwa amechelewa kuliko mwaka uliopita kwa zaidi ya nusu saa, lakini miguu yake ilikuwa mizima.

Maili zilizobaki ni za vilima vidogo visivyokwisha. Mwili wa mtu huweka akiba ya nguvu itokanayo na chakula cha wanga, na kwa wengi akiba hiyo hukaribia kuisha baada ya maili kama ishirini. Hapo miguu huwa mizito, na mawazo huwa mabaya. Alipopita mahali alipoketi mwaka uliopita, hakutaka kupatazama. Katika maili ya ishirini na tatu watu walikuwa wamesimama na sinia za stroberi, wakiwagawia wakimbiaji. Yeye ambaye kila siku huandika hesabu ya stroberi, masanduku kwa maelfu, alikula tatu, akaona kwamba hajapata kuijua ladha yake mpaka siku ile.

Kilima cha mwisho kiko katika maili ya ishirini na tano, na basi halikuwa mbali. Alikipanda kwa kuhesabu hatua, mia kwa mia. Alivuka mstari katika mji wa Carmel saa 6.35 mchana, zikiwa zimebaki dakika kumi. Mke wake alikuwepo, naye alipewa nishani ya udongo uliofinyangwa na kuchomwa, kama wapewavyo wote wamalizao.

Jumatatu aliingia kazini kama desturi, ila ngazi za ghala alizishuka kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Wenzake walimcheka sana, naye alifurahi. Waliompita msituni asubuhi ile walikuwa wengi, na baadhi yao aliwaona baadaye madirishani mwa basi. Mtu akijua kiasi cha nguvu zake, na akakubali kupitwa mapema, huenda akafika mahali ambapo mwenye nguvu kuliko yeye hakufika.