Safari ya Mumias

Watu wengi wa Busia na Malaba hupita Mumias wakiwa ndani ya gari, wakatazama mashamba ya miwa, wala wasishuke. Mimi ni karani wa Malaba, kazi yangu ni hati za malori yavukayo kwenda Uganda. Nilipopewa mapumziko ya siku mbili niliazimia kushuka.

Zamani mji huu uliitwa Elureko, napo ndipo palipokuwa boma la Nabongo, mfalme wa Wawanga. Misafara ya Pwani ilitua hapa kutafuta pembe na chakula. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, akapaita Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, babaye Nabongo Mumia. Misafara imekwisha zamani, lakini adhana ingali ikisikika, na mzee mmoja aliyenikaribisha barazani pake alisema Kiswahili cha kutuaibisha sisi makarani.

Mzee huyo alinieleza habari ya bangili ya shaba, alama ya enzi. Husimuliwa ya kuwa Wanga, aliyeanzisha ukoo huo, alifika akiwa mtumishi tu wa mtawala aitwaye Muhotia, na bangili yake ameifunika kwa majani. Siku moja Muhotia akaiona, akatambua kwamba mtumishi wake ni mwana wa mfalme. Kwa kuwa watawala wawili hawakai boma moja, Muhotia akahama. Ufalme ulipatikana pasipo mkuki!

Hata hivyo nilikuwa na neno moyoni. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia kuwa chifu mkuu, na watu wa Wanga wakapelekwa kutawala makabila mengine. Nyanya yangu, Mteso, hakupenda hata kulisikia jina la Mumias, maana baba yake alitozwa kodi ya nyumba na mjumbe wa huko, akapokonywa na mbuzi juu yake. Nikamwuliza mzee waziwazi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Ni kweli, mjukuu wangu. Walitumwa, nao wakazidisha.”

Akaniuliza kwetu ni wapi. Niliposema mpakani, akacheka: hata mwaka 1902 ulipofika, Mumias yenyewe ilihesabiwa kuwa nchi ya Uganda. Sijui hati zangu zingekuwa za nini siku zile.

Jioni alinionyesha njia ya Matungu, kwenye makaburi ya Wanabongo. Nilipofika nilivua kofia, jambo ambalo nyanya asingenisamehe.