Upepo Ulionuka Gereji

Nilitia mafuta yasiyo yake kwenye kompresa ya kiwanda cha vinywaji. Sikukosea mkebe. Niliusoma, nikajua si wenyewe, nikamimina.

Ilikuwa Jumamosi usiku, mwezi wa Januari, huko Tyseley, upande wa kusini-mashariki wa Birmingham, kwenye kiwanda kidogo kinachojaza juisi za ukwaju na embe kwa ajili ya maduka ya Stratford Road na kwingineko. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa zamu. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka. Pipa la mafuta yanayoruhusiwa viwanda vya chakula lilikuwa tupu, na lilikuwa tupu kwa sababu mtu wa kuagiza alisahau. Mtu huyo ni mimi. Kwenye kona kulikuwa na mkebe wa lita 5 wa mafuta ya kawaida, ya kile kikompresa tunachotumia karakana. Rangi ile ile, uzito ule ule. Pipa limeandikwa H1. Mkebe hauna alama hiyo. Nikatia lita 3, taa ikazimika, nikaandika daftarini: "Mafuta yameongezwa." Mafuta gani, sikuandika. Kunyamaza huko kunaniaibisha kuliko lita 3 zenyewe.

Nikueleze nilivyofikiri, maana huenda nawe ungefikiri hivyo. Ufundi nilijifunza gereji, Mwembe Tayari, Mombasa, na pale hewa ya kompresa inaitwa upepo. Upepo wa kujaza matairi, upepo wa kupulizia kabureta, upepo wa kujikung'utia vumbi la suruali jioni kabla ya kupanda matatu. (Mchezo wa hatari ule. Upepo wa presha hupasua ngoma ya sikio, na ukipenya kwenye kidonda ukaingia damuni unaweza kuua. Nani alituambia?) Kwetu upepo haukuwa kitu cha kuhesabu. Nikaja Uingereza na spana zangu na imani hiyo hiyo. Kiwandani nikaukuta unafungua vali, unasukuma vizibo, na kabla chupa hazijajazwa, zikiwa zimepinduliwa, unapulizwa ndani yake kutoa vumbi. Nikasema ni upepo tu. Sikuona kwamba unalamba pale pale ambapo juisi itakaa dakika moja baadaye.

Kompresa yetu ni ya skrubu, ile inayopuliziwa mafuta ndani ili ipoe na mianya izibe. Hewa na mafuta huzungushwa pamoja, kisha mafuta hutenganishwa, na ule ukungu mwembamba unaoponyoka hunaswa na filta. Kwenye presha ya baa 7, hewa iliyojaza ndoo nane imebanwa ikaingia ndoo moja, pamoja na chochote ilichokuja nacho, hata moshi wa malori yanayopakia mzigo mlangoni. Filta ya mwisho ni ya kaboni, ya kunasa mvuke na harufu, na hapo ndipo lilipokuwa kosa langu la pili. Filta nyingine ikiziba, geji ya presha hukwambia. Kaboni haikwambii. Ikishashiba, upepo unapita vizuri tu na geji imetulia kama mtu aliyeshiba. Ya kaboni hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi. Mimi nilikuwa naitazama geji. Kaboni ilikuwa imepitisha muda wake kwa miezi 2.

Jumanne asubuhi mama msimamizi wa ubora, mtu wa Barawa, ambaye Kiswahili chake cha Chimwiini na changu cha Kimvita hukutana katikati, aliniita kwenye mashine ya kujazia.

"Fundi, hebu nusa hii."

Ilikuwa chupa tupu, imetoka kupulizwa. Nikaisogeza puani.

Harufu yenyewe ilikuwa hafifu. Ningepewa chupa ile barabarani ningesema ni safi, ningejaza maji ninywe. Lakini naijua. Nimelala chini ya magari miaka mingi nikiivuta. Nilikuwa nimesimama kwenye kiwanda cha juisi, nimevaa kofia ya nywele na koti jeupe, na puani mwangu ni Mwembe Tayari saa nane mchana. Yote yakanijia kwa mpigo: mkebe, daftari, kaboni, kisha Jumapili yote na Jumatatu yote, chupa baada ya chupa. Mama alikuwa bado anazungumza, anauliza kama huenda ni zile chupa za plastiki zilizoletwa wiki iliyopita. Kwa sekunde kadhaa nilitamani iwe plastiki. Nilifungua mdomo nikubaliane naye. Nakiri hilo pia.

Kisha nikasema: "Si plastiki, mama. Ni mimi."

Hakupiga kelele. Alibonyeza kitufe chekundu, mkanda ukasimama. "Umetia nini?" Nikamwambia. "Lini?" Nikamwambia. "Umeandika?" Hapo nikatazama viatu vyangu.

Nilijaribu utetezi mmoja wa kijinga: je, hata ya H1 si mafuta tu? Mbona nayo hayatakiwi kwenye juisi? Ni kweli, hayatakiwi. H1 ni alama iliyoanzia kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo iliacha kazi hiyo 1998, na shirika la NSF likaishika mwaka uliofuata. Maana yake ni mafuta yanayoweza kugusa chakula kwa bahati mbaya, na kanuni ya Marekani huweka kikomo cha sehemu 10 katika milioni. Ya kawaida hayana kikomo cha kusamehewa. Hayatakiwi hata tone. H1 ni kwa ajili ya siku ambayo filta imekushinda. Mimi niliiondoa siku ile ile ambayo filta ilikuwa imenishinda zamani.

Tena ukutani, juu ya kompresa, kulikuwa na cheti kizuri cha ukaguzi. Nilikipita kila siku nikijiona niko salama. Cheti kile ni cha kanuni za mwaka 2000 za mitambo ya presha: kinasema mtungi hautapasuka. Hakisemi kitu kuhusu kilichomo ndani ya upepo. Hilo lina kipimo chake, ISO 8573-1, ambacho daraja lake la 1 kwa mafuta halizidi miligramu 0.01 katika mita moja ya ujazo. Nilikuwa nasoma cheti cha chungu nikidhani ni cha mchuzi.

Na hili limetokea Birmingham, mji ambao Alfred Bird, mwenye duka la dawa, alitengeneza kastadi isiyo na mayai mwaka 1837 kwa sababu mayai yalimdhuru mkewe. Jengo la kiwanda cha kastadi hiyo bado liko Digbeth, nalipita. Bwana yule alihangaikia tumbo la mtu mmoja.

Uzalishaji ulisimama siku 5. Paleti 26 zilimwagwa. Paleti 4 zilikuwa zimeshafika madukani; zikarudishwa, na meneja akawapigia wenye maduka mmoja mmoja. Hatukusikia aliyeugua. Kompresa ilisafishwa kwa mafuta mapya mara mbili, maana ukishachanganya, hata ukijaza H1 hadi juu, huwezi kuyaita H1 tena. Filta zote zikabadilishwa. Nikapewa onyo la maandishi, nikakosa bonasi. Vijana wawili wa wakala waliokuwa wakipanga katoni walikosa zamu wiki nzima bila malipo, na wao hawakuwa wameshika hata spana. Mmoja wao tunakutana kwenye basi nambari 11. Bado hunisalimia.

Nawe fundi mwenzangu, kama upepo wako unagusa chakula mahali popote, hesabu saa za kaboni leo, usiitazame geji. Ukiongeza mafuta, andika jina lake.

Ule mkebe wa lita 5 siku hizi unakaa nje ya jengo la uzalishaji, kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo anao yule mama. Nikihitaji mafuta ya kikompresa cha karakana nakwenda kumwomba, na daftarini anaandika mwenyewe.