Moyo wa Tarakimu

Moyo ni mtumishi asiyengoja amri. Ubongo waweza kuuhimiza au kuutuliza, lakini si ubongo unaoupigisha. Hata ukitolewa mwilini, moyo huendelea kupiga kwa muda ukitunzwa katika maji ya chumvi yenye hewa ya kufaa. Chanzo cha pigo kimo ndani yake: baadhi ya chembe zake zina tabia ya kujiamsha, nazo zikiamka huziamsha nyingine. Kwa siku moja kazi hiyo hutendeka kama mara 100,000, bila likizo wala shukrani.

Ni kitu gani kiziamshacho chembe hizo? Swali hili lilimkabili Denis Noble, mwanafunzi wa utafiti katika University College London, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walikuwa wamekwisha kueleza kwa hesabu jinsi umeme upitavyo katika mshipa wa fahamu wa ngisi. Utando wa chembe una njia mithili ya milango. Ikifunguka na kufungwa, sodiamu huingia na potasiamu hutoka. Noble alipima nyuzi za Purkinje za kondoo, ambazo husambaza umeme moyoni na zaweza kujipigia zenyewe, akazirekebisha hesabu zile zifae moyo. Kuzikokotoa kwa mkono kulikuwa taabu kubwa. Aliomba kompyuta ya Mercury, akapewa saa ambazo wengine walikuwa wamelala: saa nane hadi saa kumi za usiku.

Mwaka 1960 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature. Tarakimu zilipiga kama moyo. Hapakuwa na hesabu hata moja iliyoamuru mdundo. Mdundo ulizaliwa na mapatano ya milango, kama ngoma inavyozaliwa na mikono mingi. Maelezo yake yalikuwa haya: baada ya kila pigo mkondo wa potasiamu itokayo hufifia polepole, na sodiamu huvuja ndani. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikijaa, chembe hupiga tena.

Mfano ulifanana na kweli, lakini kufanana na kweli si kuwa kweli. Mwaka 1981 Dario DiFrancesco alionyesha kuwa mkondo uliodhaniwa ni wa potasiamu inayofifia ulikuwa mkondo uingiao, wenye sodiamu ndani yake, ambao huongezeka chembe inapotulia. Mdundo uliopatikana ulikuwa sahihi. Sababu iliyotajwa haikuwa yenyewe. Noble hakuukana ushahidi. Mwaka 1985 yeye na DiFrancesco walichapisha mfano mpya uliouweka mkondo huo mahali pake.

Faida yake haikubaki vitabuni. Dawa ya ivabradine, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2005, hupunguza kasi ya moyo kwa kuuzuia mkondo huo huo. Mgonjwa aimezaye hanufaiki na uzuri wa hesabu, bali na usahihi wa sababu.

Mfano wa kwanza haukufedheheka kwa kusahihishwa. Ulisema wazi kila ulichodhani, kwa kipimo na kwa tarakimu. Kwa hiyo kosa lake lilikuwa na mahali pa kushikwa. Dhana isemwayo kwa mafumbo haipatikani na kosa kwa sababu haipatikani kabisa. Mwanachuoni aichaguaye heshima ya namna hiyo hulinda jina lake, akaiacha elimu pale alipoikuta.